Kigasha

Kazi yangu ni kusema kwa mikono.
Mahakamani Daegu, kiti cha pembeni, chini ya saa,
shahidi anasema, nami nayaweka maneno yake hewani
kwa ajili ya wasiosikia, bila kuyapunguza chumvi.
Na sheria ya kazi yetu ni moja: husemi "yeye".
Unasema "mimi".

Mimi ndiye niliyewasha mashine.
Mimi sikujua mkono wake ulikuwa bado ndani.
Hayo alisema msimamizi, akiangalia viatu vyake,
nami nikamwambia Gil-nam, macho kwa macho,
kwa mikono yangu yote miwili.
Gil-nam akanijibu kwa ule mmoja uliobaki,
sentensi zikitoka nusu nusu.

Siku tisa. Ya kumi, kijiko cha supu kikaniponyoka,
na bega la kulia likapanda hadi sikioni
likakaa huko, kama mgeni asiyeaga.

Daktari akanipa vidonge na ushauri wa kupumzika,
kana kwamba mapumziko huuzwa duka la dawa.
Ni Bi Tak aliyenichorea ramani nyuma ya risiti:
juu ya duka la maandazi ya samaki, ghorofa ya tatu,
fuata ule mstari wa manjano wenye vinundu sakafuni;
umewekwa kwa wasioona, leo ukufae na wewe.

Bwana Pyo haoni tangu akiwa na miaka sita.
Ana saa inayotamka wakati, redio ya besiboli,
na kidole gumba kipana kama kijiko cha wali.
Hakuniuliza kinachouma. Alipita mgongoni
polepole, kama mtu anayetafuta swichi gizani,
akasimama chini ya mfupa wa bega.
"Umebeba nini wewe, saruji?"
"Maneno."
"Yako?"
"Ya watu."
"Ndiyo maana," akasema, akabonyeza.

Uchungu ule, nisiufiche, ulinitoa chozi na tusi.
Kisha ukalegea, si kwa kukoma bali kwa kutandaa,
kama unga uliokataa maji, mwishowe ukakubali.
Damu ikarudi vidoleni ikiwasha,
kama watoto waliofunguliwa shule.
Taya, ambalo sikujua nimelifunga, likaachia.
Nikapiga mwayo mbele ya mwanamume nisiyemjua,
mwayo mrefu, wa aibu, usio na mwisho.

Alipofika kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kiwiliko,
pale ninapotunza herufi zangu zote,
alikwenda taratibu. Lugha yangu hawezi kuiona.
Jiji zima, huyu ndiye mtu
nisiyeweza kumwambia lolote kwa mikono,
na mikono, kwa kujua hivyo, ikanyamaza.
Ilikuwa nyama tu, na joto, na mafuta ya ufuta.
Haikuwa "mimi" wa mtu yeyote.

Sitasema ameniponya. Bega hupanda tena kila Alhamisi,
Gil-nam bado anafundisha mkono wa kushoto kusema,
kesi imeahirishwa hadi Aprili.
Lakini usiku ule nililala bila kuota rola,
na asubuhi nikakamua kitambaa cha jikoni
nikashangaa: kumbe hata kukamua maji ni starehe.

Wiki ya nne nilitaka kumshukuru, sauti ikagoma.
Nikakishika kiganja chake, nikaandika
kwa ncha ya kidole, herufi moja moja.
Akainamisha kichwa upande, kama anayesubiri matokeo redioni.
"Mwandiko wako mbaya," akasema.
"Lakini hautetemeki tena. Jumanne, saa kumi?"

Nikamwandikia: ndiyo.